Apdeti za kompyuta ofisini: Kazi inayokosa mwenyewe

KABLA ya Novemba 24, 2024 kila nyumba na kila duka la Mkolani linalotumia mita ya Luku lilikuwa na kazi moja ya kukamilisha. Mteja aliponunua umeme katika kipindi hicho alipewa tarakimu nyingi kuliko alizozoea. Yalikuja makundi mawili ya tarakimu 20 kwa ajili ya kuiboresha mita, kisha kundi la tatu lililobeba umeme wenyewe. Mita ambayo isingeboreshwa ilikuwa ikatae umeme mpya baada ya siku hiyo.

Chanzo cha usumbufu huo hakikuwa TANESCO. Mita za mfumo huo, popote zilipo duniani, huhesabu muda kwa dakika, na hesabu ilianza Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo haiwezi kuzidi dakika milioni 16.7 hivi, nazo zilikuwa zinaishia Novemba 24, 2024. Ilibidi mita zipewe ufunguo mpya ili hesabu ianze upya.

Kazi hiyo ilikuwa na mambo matatu yaliyoirahisisha. Kulikuwa na tarehe ya mwisho, kulikuwa na maelekezo mafupi, na katika kila nyumba ilijulikana ni nani atakayeziingiza tarakimu zile. Mwenye saluni, mwenye mashine ya kusaga na mwenye duka la dawa walisimama mbele ya mita na kubonyeza.

Ndani ya ofisi hizo hizo, hata hivyo, kuna kifaa kingine kinachodai maboresho kila mwezi na mara nyingi hakisikilizwi. Kifaa hicho ni kompyuta. Ujumbe unajitokeza kwenye kioo kwamba kuna masasisho yanayosubiri, yale ambayo mafundi huyaita apdeti. Karani anabonyeza sehemu ya kuahirisha, anaendelea na wateja, na kesho yake anaahirisha tena. Mwaka unapita.

Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, ipo kwenye barabara kuu inayotoka mjini na kupita Nyegezi kuelekea Buhongwa na Usagara. Pale Usagara njia hugawanyika, moja ikienda Shinyanga na nyingine Kigongo, ambako Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 linavuka hadi Busisi kwenye barabara ya Sengerema na Geita. Si mbali, huko Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Eneo la namna hiyo, lenye wasafiri na wanafunzi, huzaa ofisi ndogo ndogo: steshenari, wakala wa fedha, maduka ya pembejeo, shule binafsi, zahanati na vyama vya kuweka na kukopa.

Ofisi hizi zina jambo moja zinalofanana. Zina kompyuta 2, 5 au 10, lakini hazina mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa. Fundi huitwa kitu kinapoharibika. Kwa hiyo swali la nani anasimamia apdeti halina jibu, na kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Kiraka na tundu

Programu ya kompyuta ni maandishi marefu ya maelekezo yaliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Baadhi ya makosa hayo huacha tundu ambalo mhalifu anaweza kulitumia kuingia bila kuombwa neno la siri. Kampuni iliyotengeneza programu inapoligundua hutoa kiraka, na kiraka hicho ndicho sehemu kubwa ya apdeti za kila mwezi.

Kwa Microsoft, wenye programu ya Windows inayotumika katika ofisi nyingi, utaratibu umekuwa mmoja tangu Oktoba 2003. Viraka hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya Marekani. Kikitokea cha dharura hutolewa nje ya ratiba hiyo.

Kuna jambo ambalo wenye ofisi wengi hawalifikirii. Siku kiraka kinapotoka, tundu nalo linakuwa limetangazwa. Wahalifu hukifungua kiraka, hutazama kimeziba nini, kisha hutafuta kompyuta ambazo bado hazijazibwa. Kwa sababu hiyo kompyuta iliyoahirisha apdeti kwa miezi sita iko hatarini zaidi kuliko ilivyokuwa kabla kiraka hakijatolewa.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji analielewa hili bila darasa. Chanjo ya mdondo hutolewa kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima. Anayesubiri kuona kuku wanasinzia ndipo akatafute chanjo, huwa amechelewa.

Kilichotokea mwaka 2017

Mfano unaojulikana zaidi ni wa virusi vilivyoitwa WannaCry. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika njia ambayo kompyuta za Windows huitumia kugawana mafaili ndani ya mtandao wa ofisi. Siku 59 baadaye, Mei 12, virusi hivyo vilianza kusambaa kupitia tundu lile lile. Vilifunga mafaili ya kompyuta na kudai dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta ili yafunguliwe. Katika siku chache zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika.

Nchini Uingereza hospitali za umma zilikuwa miongoni mwa waathirika wakubwa. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ilikadiria kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa, na ikaeleza kuwa janga hilo lingeweza kuzuiwa kwa hatua za kawaida za usalama. Kiraka kilikuwepo, tena bila malipo, kwa kompyuta zilizokuwa bado zinahudumiwa na mtengenezaji. Kilichokosekana ni wa kukiweka.

Kuna anayeweza kusema kuwa London ni mbali na Mkolani. Basi na atazame flashi iliyo mfukoni mwa mwanafunzi anayeingia steshenari kuchapa kazi yake. Oktoba 2008 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura, na mwezi uliofuata vikazuka virusi vya Conficker vilivyotumia tundu hilo. Aina iliyofuata ilijifunza kupanda kwenye flashi, ikatoka ofisi moja hadi nyingine hata pale ambapo hapakuwa na intaneti. Februari 2011 Microsoft ilisambaza apdeti iliyozuia Windows za zamani zisifungue programu zenyewe mara flashi inapochomekwa, na maambukizi ya njia hiyo yakapungua.

Flashi moja kwa siku moja inaweza kupita katika steshenari tatu, maktaba na ofisi ya mwajiri. Kompyuta yenye kiraka haizuii kila kitu, lakini inapunguza milango.

Apdeti nayo huweza kuumiza

Pamoja na hayo, wanaoziogopa apdeti wana sababu. Wapo waliowasha kompyuta asubuhi wakakuta printa haichapi, au programu ya hesabu haifunguki, wakati foleni ya wateja imefika mlangoni. Na mifano mikubwa ipo.

Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Tanzania, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza faili la maboresho lenye kosa. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizima na kushindwa kuwaka vizuri. Kosa liligunduliwa na faili likaondolewa saa 2:27, yaani dakika 78 baadaye, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuangushwa. Mashirika ya ndege yalifuta safari, benki na hospitali zilikwama, na nyingi kati ya kompyuta hizo zilihitaji fundi azifikie moja moja.

Zipo taasisi zilizokuwa zimejipanga kutopokea toleo jipya la programu hiyo mara linapotoka. Faili lile lilipita njia nyingine ambayo wateja hawakuwa na uamuzi juu yake. Baada ya tukio hilo kampuni iliwapa wateja nafasi ya kuchagua lini wapokee mafaili ya aina hiyo.

Mfano mwingine ni wa Juni 27, 2017. Wahalifu waliingia katika seva ya kampuni iliyotengeneza programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumiwa sana nchini Ukraine, wakapandikiza virusi vilivyopewa jina la NotPetya ndani ya apdeti zake. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake hufika hadi bandari za Afrika Mashariki, ilikuwa miongoni mwa waliopigwa. Ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichoiokoa Maersk ni kitu ambacho watu wa Mwanza hukilaumu kila siku, nacho ni kukatika kwa umeme. Seva zake zote zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, seva ikawa nje ya mtandao na ikabaki salama. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kutuma mzigo ule hadi Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri na diski hadi Nigeria, akaikabidhi uwanja wa ndege kwa mwenzake aliyeipeleka London.

Fundisho ni kwamba nakala ya akiba iliyochomolewa ina thamani kuliko nakala kumi zilizounganishwa. Ofisi isiyo na nakala ya namna hiyo haipaswi kuweka apdeti yoyote kabla ya kuitengeneza.

Bando, umeme na Windows za bure

Mbali na hofu, kuna vikwazo vya kawaida vinavyofanya ofisi ndogo ziache apdeti.

Cha kwanza ni bando. Apdeti ya mwezi ya Windows inaweza kuwa na uzito wa mamia ya megabaiti, wakati mwingine zaidi ya gigabaiti moja. Tuseme ya mwezi huu ni megabaiti 600. Ofisi yenye kompyuta 6, kila moja ikijishushia yake, itatumia gigabaiti 3.6. Katika mipangilio ya Windows, hata hivyo, ipo sehemu inayoruhusu kompyuta kugawana apdeti na nyingine zilizo kwenye mtandao huo huo wa ndani. Ikiwashwa, na kompyuta moja ikitangulia kushusha, nyingine huchukua sehemu kubwa kutoka kwake na bando halipungui kwa kiasi kile.

Ipo pia mipangilio inayoiambia Windows kuwa intaneti inayotumika ni ya kupimwa. Wengi huiwasha ili kuokoa bando, na ni jambo la busara. Tatizo ni kwamba wakishaiwasha huisahau, na apdeti nyingi husimama bila mtu kujua. Anayeiwasha lazima apange siku ya kuizima.

Kikwazo cha pili ni umeme. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya apdeti inaweza kugoma kuwaka. Ofisi isiyo na betri ya akiba ianze na kompyuta za mapajani zenye chaji iliyojaa, na zile za mezani ziwekwe apdeti wakati ambao umeme umetulia, si jioni ya mvua na radi kutoka ziwani.

Cha tatu hakisemwi kwa sauti. Kompyuta nyingi zina Windows iliyowekwa na fundi bila leseni, na baadhi ya mafundi huzima apdeti makusudi ili programu hiyo isigundulike. Mwenye ofisi hudhani amepata nafuu, kumbe amenunua nyumba ambayo mlango wa nyuma umeondolewa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Asiyeweza kumudu leseni ana njia halali isiyo na gharama ya ununuzi, ambayo ni Linux, na matoleo ya Ubuntu ya huduma ya muda mrefu (LTS) hupewa viraka kwa miaka mitano tangu yatolewe.

Ratiba ya ofisi ya kompyuta sita

Chukua mfano wa chama cha kuweka na kukopa chenye kompyuta 6: mbili za makarani dirishani, moja ya mhasibu, moja ya meneja, moja ya afisa mikopo na moja ya masjala. Kinachohitajika si mtaalamu wa kudumu. Kinahitajika daftari, kalenda na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa maandishi.

Hatua ya kwanza ni orodha. Kila kompyuta iandikwe: iko wapi, nani anaitumia, ina Windows gani, ina programu zipi na mara ya mwisho ilisasishwa lini. Isisahaulike ruta inayogawa intaneti, kwani nayo ina programu ndani yake. Wala zisisahaulike programu ya kufungulia tovuti, ile ya kusomea nyaraka, ya kuzuia virusi na ya hesabu. Wanaoisasisha Windows peke yake huwa wameziba tundu moja kwenye mtumbwi wenye matundu mengi.

Hatua ya pili ni nakala ya akiba. Kila Ijumaa jioni mafaili ya hesabu yanakiliwa kwenye diski ya nje, diski inachomolewa na kufungiwa mahali pengine. Mara moja kila robo mwaka faili moja lifunguliwe kutoka kwenye diski hiyo kuhakikisha linasomeka.

Hatua ya tatu ni kompyuta ya majaribio. Apdeti zikitoka Jumanne ya pili usiku, Jumatano asubuhi ziwekwe kwenye kompyuta moja tu, kwa mfano ya masjala. Haifai ianze ya mhasibu wala za dirishani. Katika siku zinazofuata ijaribiwe kama kawaida: ichape risiti, ifungue programu ya hesabu, iingie katika mifumo ya benki na ya serikali ambayo chama hukitumia.

Hatua ya nne ni kuzieneza. Kompyuta ya majaribio ikiwa haina tatizo, Jumamosi ya wiki inayofuata, baada ya wateja kuondoka, nyingine zote zinawekwa. Jumatatu asubuhi mhusika anafika nusu saa kabla ya kufungua, anaziwasha na kuhakikisha zinafanya kazi. Kisha anaandika kwenye daftari tarehe na kilichotokea.

Utaratibu huu una ubaguzi mmoja. Mtengenezaji akitangaza kuwa tundu fulani limeanza kutumiwa na wahalifu, kusubiri siku kumi ni kujitakia. Kompyuta ya majaribio ipewe siku moja, na nyingine zifuate siku ya pili. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina kitengo cha TZ-CERT ambacho kazi yake ni pamoja na kutoa tahadhari za aina hiyo.

Kalenda nayo iheshimu shughuli za chama. Wiki ya kugawa gawio si wiki ya kujaribu apdeti kubwa. Kwa vyama vya wakulima wa pamba kanda ya ziwa, ambako msimu wa ununuzi kwa kawaida hufunguliwa Mei, toleo jipya kabisa la programu liwekwe kabla ya msimu au lisubiri malipo yaishe. Windows huruhusu apdeti kusimamishwa hadi siku 35. Muda huo ni wa kujipanga, na ukiisha apdeti lazima ziwekwe.

Taasisi zenye mamia ya kompyuta haziwezi kwenda na daftari. Hutumia seva maalumu inayoshusha apdeti mara moja na kuzigawa kwa amri ya msimamizi. Ile ya Microsoft inayoitwa WSUS ilianza mwaka 2005. Hata hiyo si ya kuwekwa na kusahaulika. Septemba 2024 Microsoft ilitangaza kuwa haitaiongezea mambo mapya, na Oktoba 2025 ilibidi itoe kiraka cha dharura baada ya tundu kugunduliwa ndani ya seva hiyo hiyo ya kugawa viraka.

Hesabu ya Windows 10

Kwa ofisi nyingi suala lililo mbele si apdeti ya mwezi huu, bali kwamba apdeti zenyewe zimekoma. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows XP Aprili 8, 2014, kwa Windows 7 Januari 14, 2020, na kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Siku hiyo hiyo ya Oktoba 2025 ilikuwa pia mwisho wa Office 2016 na Office 2019. Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo ulipo mtego. Inawaka, inachapa, inafungua intaneti, lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi bila mpango maalumu.

Mpango huo upo na una bei. Kwa taasisi, Microsoft ilitangaza dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, dola 122 mwaka wa pili na dola 244 mwaka wa tatu, mwisho ukiwa Oktoba 2028. Anayejiunga mwaka wa pili hulipia na wa kwanza. Chama chenye kompyuta 6 kingelipa dola 366 kwa mwaka wa kwanza, na dola 2,562 kwa miaka yote mitatu. Kiasi hicho kinaweza kupita thamani ya kompyuta zenyewe, hasa zilizonunuliwa zikiwa zimetumika.

Njia ya pili ni kupandisha kompyuta hadi Windows 11, ambayo haina malipo kwa yenye Windows 10 halali. Sharti ni uwezo wa mashine. Inahitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, nafasi ya gigabaiti 64, kijisanduku cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa mashine za Intel prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache. Mwenye kwenda mjini kununua kompyuta iliyotumika aulize kwanza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Mashine ya kizazi cha nne au cha sita, hata iwe inang'aa namna gani, imeshapitwa na Windows 11.

Njia ya tatu ni kuweka Linux kwenye mashine zisizokidhi sharti hilo ambazo kazi yake ni kuandika barua na kufungua mifumo ya mtandaoni. Kabla ya kuhama ijaribiwe kama printa ya ofisi inakubali na kama programu ya hesabu ina toleo lake. Njia ya nne, kwa mashine inayoendesha programu ya zamani isiyo na mbadala, ni kuitoa kabisa kwenye mtandao na kuipiga marufuku flashi za wageni.

Chama hicho cha mfano kinaweza kuchanganya njia hizo. Kompyuta 3 zinazokidhi zipande Windows 11, 2 ziwekwe Linux, na ya mhasibu inunuliwe mpya kwenye bajeti ya mwaka. Uamuzi wa namna hiyo ni wa bodi, kwa kuwa unagusa fedha za wanachama. Fundi anatoa ushauri tu.

Taarifa za watu

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Faili la mwanachama wa chama cha akiba lina jina lake, namba ya simu, kitambulisho, wadhamini na deni lake. Zahanati ina ugonjwa wa mtu. Shule ina watoto. Mali hiyo ni ya watu na si ya ofisi, na kompyuta iliyoachwa bila viraka ni kabati lao lililoachwa wazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ofisi ndogo ukuta wenyewe ni kuandika upya hesabu za mwaka mzima kutoka kwenye risiti za karatasi, kama risiti bado zipo, huku wanachama wakisubiri mikopo nje.

Mita ya Luku ilifanikiwa kuifanya Mkolani nzima ishughulike kwa sababu ilikuwa na tarehe, maelekezo na mhusika, na asiyetekeleza alijua atakaa gizani. Kompyuta haizimi taa. Inaendelea kuwaka hata ikiwa imeachwa nyuma miaka mitatu. Kwa hiyo tarehe, maelekezo na mhusika lazima vitoke kwa mwenye ofisi mwenyewe. Jumanne ya pili ya mwezi ujao ipo kwenye kalenda ukutani, na jina la mtu mmoja linaweza kuandikwa pembeni yake leo.